Upana wa Mpaka

Msitu ukikatwa, hata abiria aliye ndani ya basi anajua kuna kitu kimekatwa. Visiki vinaonekana, na jua linaingia pale ambapo halikuwa likiingia. Nyika haina ukuta wa miti wa kubomoka. Lima upande mmoja, uache wa pili, na macho yatakuambia kwamba ule wa pili uko salama: nyasi zipo, ng'ombe wanakula, pundamilia wamesimama kwa mbali. Nimefanya kazi ya malisho Simanjiro, mkoani Manyara, kwa sehemu kubwa ya utu uzima wangu, na jambo lililonichukua muda mrefu kulielewa ni kwamba ule upande wa pili nao umeguswa. Mpaka anaouchora binadamu ardhini una upana. Unaingia ndani ya nyasi na ndani ya udongo, na madhara yake yanategemea sana kama aliyeuchora atahama au atabaki.

Nilifika huko nikiwa mtoto. Baba yangu, Mpare wa Usangi, alipangiwa kufundisha shule ya msingi katika kijiji kimoja cha tambarare zile, nasi tukamfuata tukiwa juu ya lori pamoja na magodoro yetu. Usangi ni milima na migomba. Kihamba cha mtu kinapakana na cha jirani, na kila mmoja anajua mpaka wake hata usiku. Simanjiro sikuona mpaka wowote. Mama alisimama nje ya nyumba ya mwalimu akauliza shamba letu litaanzia wapi, na hakuna aliyekuwa na jibu. Sisi watoto tulicheza kwenye maboma yaliyohamwa. Huko nyasi zilikuwa fupi na laini, zikabaki kijani wiki nyingi baada ya kwingine kukauka. Tulidhani kuna maji chini.

Tambarare hizo zina kazi kubwa kuliko zinavyoonekana. Mvua zinapoanza, nyumbu na pundamilia hutoka Tarangire, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1970, wakaja kuzalia kwenye ardhi ya vijiji. Ndani ya hifadhi kuna mto unaowavusha kiangazi, lakini nyasi za kule hazina fosforasi ya kumtosha nyumbu anayenyonyesha. Za tambarare zinayo. Jacob Kahurananga, aliyechunguza uoto wa Simanjiro miaka ya 1970, alieleza nyanda zilizotawaliwa na nyasi za jamii ya Digitaria na Panicum. Ni nyasi za kudumu: kiangazi hukauka juu, huku shina na mizizi vikisubiri. Chakula chao kingi hukipeleka chini. Mizizi hufa kidogo kidogo na kuota upya, ikiacha kaboni udongoni. Kuvu wanaoishi nayo huitafutia mmea fosforasi, nao hulipwa sukari. Ng'ombe wa Simanjiro na nyumbu wa Tarangire wanaishi kwa biashara hiyo inayofanyika gizani.

Miaka ya 1980 yakaja mashamba makubwa ya maharage upande wa Lolkisale. Baadaye wanakijiji wenyewe nao wakaanza kulima, mahindi na maharage, kwa trekta za kukodi. Sitaki kuwalaumu. Ukame uliua ng'ombe, bei ya unga ilipanda, na zaidi ya hayo watu walikuwa na hofu ya haki: ardhi isiyolimwa ilionekana kama ardhi isiyo na mwenyewe, na aliyeacha nyasi zisimame aliogopa kwamba kesho atakuja mgeni na karatasi, au hifadhi itasogeza mpaka wake. Jembe lilikuwa njia ya kusema, hapa pana watu.

Niliporudi kutoka Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, kazi yangu ya kwanza iliyonifunza jambo ilikuwa pembeni mwa shamba la maharage. Tulivuta kamba kutoka kwenye ukingo wa shamba kuelekea ndani ya malisho. Kila baada ya hatua kadhaa tulilaza fremu ya mbao yenye upande wa mita moja, tukaandika kila mmea uliomo. Tulidondosha nondo iliyochongwa ncha, kutoka kimo kilekile, kuona inazama kiasi gani. Kisha tulipigilia kipande cha bomba ardhini, tukamimina maji na kutazama saa.

Mzee mmoja aliyekuwa akichunga jirani alitusogelea. "Takwenya," akanisalimu, nami nikajibu, "Iko." Akatazama kamba yetu.

"Binti wa mwalimu, mnapima nini?"

"Tunapima shamba limeathiri nyasi hadi wapi, mzee."

"Kamba yenu ni fupi. Mfuateni ng'ombe. Akiwa karibu na shamba anachagua, anang'ata moja anaacha tatu. Akifika mahali anainamisha kichwa na kula bila kukiinua, hapo ndipo mmetoka."

Tulirefusha kamba.

Ukanda wa kwanza, pale trekta inapogeuzia, nondo ilidunda. Maji ndani ya bomba yalisimama mpaka tukachoka kuyatazama. Baada ya hapo ulikuja ukanda wa magugu: kishona nguo, ndulele, mbigili, mimea inayopenda udongo uliovurugwa na ambayo mbegu zake husafiri kwenye nguo, kwato na magunia. Huo nao unaonekana kwa macho. Uliotushangaza ni wa tatu. Kwa mbali ulikuwa nyasi tupu, mzuri kabisa. Ukipiga magoti ndipo unaona mashina ya nyasi za kudumu yameachana, na kati yao udongo uko wazi, umefunikwa na gamba jembamba. Matone ya mvua ya kwanza hupiga udongo usio na kifuniko, chembe ndogo zikaziba vitundu vya kupitishia maji, na mvua iliyobaki hutiririka juu juu. Mita chache mbele mvua ileile inazama yote. Mawingu hayakumpunja mtu. Ardhi ndiyo imekataa kunywa.

Sababu zake haziko shambani peke yake. Mifugo iliyokuwa ikitawanyika sasa inapita kwenye ushoroba kati ya shamba na shamba, kila siku palepale, na kwato hushindilia. Upepo wa Septemba na Oktoba huchukua vumbi la shamba lililo tupu na kulirundika kwenye mashina ya nyasi. Moto nao umebadilika. Karibu na mahindi hakuna anayethubutu kuchoma nyasi, hivyo nyasi kuukuu husongamana mahali pamoja, na mahali pengine huliwa mpaka kwenye udongo. Nyasi ya kudumu ikishindwa, nafasi yake huchukuliwa na mmea wa mwaka mmoja, ambao mizizi yake ni ya juu juu na ambao hufa wote kiangazi, ukaiacha ardhi wazi kwa mvua ijayo. Hapo mzunguko umeanza kujiendesha wenyewe, hata mwenye shamba akiacha kulima.

Na kurudi si rahisi. Kuna nyasi iitwayo Themeda, inayogeuka rangi ya shaba kiangazi na kutawala sehemu kubwa za nyika kuanzia Serengeti na Laikipia hadi Afrika Kusini. Mbegu yake ina mkia unaojisokota ukilowa na kujinyoosha ukikauka, hivyo inajichimbia yenyewe ardhini. Ni ufundi wa ajabu, lakini ni ufundi wa karibu: mbegu huangukia chini ya mama yake, na haidumu udongoni kwa miaka mingi. Afrika Kusini kuna mashamba yaliyoachwa miongo mingi iliyopita ambako Themeda haijarejea, ingawa imesimama ng'ambo tu ya mpaka wa zamani. Trekta inafanya kazi yake kwa asubuhi moja.

Barabara ni mpaka wa aina yake. Ile inayotoka Arusha kupitia Oljoro nimeipita katika hali zote za hewa, na kwa miaka mingi niliiona kama kitu kilicho juu ya nyika. Ukishuka kwenye gari unaona kwamba barabara inapanga upya maji. Tuta lake linazuia maji yaliyokuwa yakitambaa taratibu kwenye uwanda mpana, linayakusanya mtaroni, linayapitisha yote kwenye kalavati moja. Juu ya tuta nyasi zinastawi kupita kiasi; chini ya kalavati panachimbika korongo; na kati ya kalavati na kalavati, upande wa chini, kuna vipande vya ardhi vinavyokauka kwa sababu maji yao yamepelekwa kwingine. Mashimo ya moramu huachwa wazi. Vumbi hufunika majani pembeni.

Kisha kuna gugu karoti. Asili yake ni Amerika, kandokando ya Ghuba ya Mexico, na katika mkoa wa Arusha lilianza kuripotiwa mwaka 2010. Majani yake yanafanana na ya karoti, maua yake ni meupe na madogo, na mmea mmoja mkubwa unaweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000. Mizizi na majani yake hutoa kemikali zinazozuia mimea mingine kuota. Ng'ombe akilila, maziwa yanakuwa machungu. Binadamu akiligusa mara kwa mara, ngozi inawasha na kuvimba. Linasafiri kwa matairi, kwa kifusi cha ujenzi, kwa maji ya mtaro. Limefuata barabara kama mtu anayesoma ramani. Nyasi nzito za kudumu zinaweza kulizuia, ila ndizo ambazo mpaka umekwisha kuzidhoofisha.

Seng'enge nayo inafanya hivyo hivyo kwa mkono mwepesi zaidi. Katika Kajiado na Narok, ng'ambo ya mpaka wa Kenya, ranchi za vikundi ziligawanywa kuwa viwanja vya watu binafsi, na waya ukafuata. Nyaya haziugusi udongo, lakini zinaamua nani akanyage wapi. Upande mmoja unalishwa mpaka unabaki vumbi, upande wa pili nyasi zinazeeka zikajinyima jua zenyewe. Laikipia walipanda mpungate zama za ukoloni uwe ua, na leo ua huo umetoka kwenye mstari wake na kuenea malishoni, mbegu zikibebwa na tembo na nyani wanaokula matunda yake.

Ningeishia hapa, ungeondoka ukidhani kila anachokifanya binadamu nyikani ni jeraha. Mimi mwenyewe vitabu vilinielekeza huko. Kilichonigeuza ni yale maboma tuliyochezea utotoni.

Nilimwuliza mama mmoja wa makamo, aliyejenga nyumba zake mwenyewe kwa fito na samadi kama ilivyo desturi ya wanawake wa Kimaasai, wanajuaje wakati wa kuhama.

"Yeyo, ni maji yanayowahamisha au ni majani?"

"Ni zizi. Likijaa, ndama wanalala kwenye tope, kwato zinaoza, kupe wanazidi. Tunatafuta mahali penye mwinuko kidogo, pasipo udongo mweusi, tunajenga. Hili tunaliachia nyasi."

Hili tunaliachia nyasi. Ng'ombe hushinda kutwa akila kwenye eneo pana, usiku analala na kuacha samadi na mkojo mahali pamoja. Boma linakusanya fosforasi, naitrojeni na kalsiamu ya nyika nzima inayolizunguka. Linapokaliwa, kingo zake ni mbaya kama za shamba: pete ya udongo mtupu, miti imekatwa kwa ajili ya boma la miiba, ndulele kila mahali. Likihamwa, mambo yanageuka. Kwanza huja mchicha pori na magugu yanayopenda samadi, kisha miaka ikipita ukoka unatambaa na kufunika. Swala na pundamilia wanaufuata kwa sababu una lishe, na kwa sababu mahali pa wazi simba anaonekana mapema. Wanakula, wanaacha kinyesi, na rutuba inabaki pale pale.

Inabaki kwa muda gani? Mwaka 2018 Fiona Marshall na wenzake walichapisha matokeo ya kuchimba maeneo ya wafugaji wa kale katika Narok, yenye umri wa kati ya miaka 1,550 na 3,700. Udongo wa mazizi yale bado ulikuwa na fosforasi, kalsiamu na magnesiamu zaidi ya udongo wa jirani. Fikiria hilo. Watu ambao hatujui hata lugha yao walihama na ng'ombe wao, na swala wa leo bado anakula kwenye zizi lao. Laikipia, kwenye kituo cha utafiti cha Mpala, wanasayansi wamechunguza mapengo ya nyasi yaliyoachwa na maboma, na Lauren Porensky alionyesha kwamba kingo za mapengo mawili yaliyokaribiana haziathiri mimea kwa namna ileile ya pengo lililo peke yake. Kingo zinazungumza. Umbali kati yake ni sehemu ya habari.

Lakini boma haliumbi rutuba, linaihamisha. Inachukuliwa kidogo kidogo kutoka kila mahali ikawekwa pamoja, na kinachoufanya mtindo huo kuwa neema ni kwamba mwenye boma anaondoka, na wanyama wanaokuja baadaye wanaitawanya tena. Siku hizi maboma mengi hayahami. Kuna nyumba za mabati, kuna bomba la maji, kuna zahanati, kuna shule. Baba yangu alikuja kuwafundisha watoto wale, na darasa haliwezi kuwafuata ng'ombe. Siwezi kutamani watu wang'oe mabati yao ili swala apate ukoka. Ila matokeo nayaona: samadi inarundikana kimo cha mtu, ile pete ya udongo mtupu inapanuka mwaka hadi mwaka, na malori yanakuja kuinunua samadi kuipeleka kwenye bustani za mboga. Fosforasi ya Simanjiro inaliwa mjini ndani ya kabichi, wala hairudi.

Wapo wanaoniambia kwamba hayo ni matatizo ya kando, alimradi hifadhi zenyewe ziko salama ndani. Mwaka 2019 kundi la wanasayansi likiongozwa na Michiel Veldhuis lilichapisha uchambuzi wa miaka 40 ya utafiti katika mfumo wa Serengeti na Mara, wenye ukubwa wa kilomita za mraba 40,000. Waliona kwamba shughuli zilizosongamana kandokando zimewasukuma wanyama kuelekea katikati. Huko katikati nyasi zinaliwa zaidi, moto unapungua kwa kukosa cha kuunguza, udongo unapoteza uwezo wa kuhifadhi kaboni na virutubisho, na nyasi haziitikii mvua kama zamani. Serengeti! Kama ukingo unaweza kufika hadi katikati ya Serengeti, Tarangire, iliyo ndogo kwa mbali, ina kinga gani?

Ndiyo maana siku hizi muda wangu mwingi unapita kwenye mikutano ya vijiji ya mipango ya matumizi ya ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu malisho ya pamoja kupewa hati ya hakimiliki ya kimila, na vijiji kadhaa vya huku vimefanya hivyo. Hofu ile ya ardhi isiyo na mwenyewe imepata jibu lisilohitaji jembe. Hakuna anayewaambia watu waache kulima. Mimi nabishania umbo.

Huwa nachora chini kwa fimbo. Hekta 100 zikiwa shamba moja la mraba, ukingo wake ni kilomita 4. Hekta zilezile zikigawanywa kuwa mashamba 20 ya hekta tano tano, yaliyotawanyika, ukingo unakuwa karibu kilomita 18. Tuseme madhara yanaingia mita 100 tu ndani ya malisho. Shamba moja litaharibu kama hekta 43 za nyasi zinazolizunguka. Yale 20 yataharibu zaidi ya hekta 240. Chakula ni kilekile, magunia ni yaleyale.

Hesabu hiyo haimshindi mtu kirahisi. Katika mkutano wa mwisho mama mmoja alisimama akaniambia mashamba yakiwekwa pamoja, lake litakuwa mwendo wa saa nzima kutoka nyumbani, na tembo wakija usiku ni nani atakayelinda. Ana haki. Mabishano yalichukua mchana wote. Wazee walitaka ushoroba wa mifugo uwe mpana kiasi cha makundi mawili kupishana bila kugusana. Vijana wenye trekta walitaka uwe nusu yake. Tulikubaliana kwamba mashamba mapya yataungana na ya zamani yasifungue ukingo mwingine, kwamba maboma yaliyohamwa hayatalimwa hata kama udongo wake unatamanisha, na kwamba walinzi wa usiku watalipwa kwa mahindi ya wote. Upana wa ushoroba umeahirishwa mpaka mkutano ujao.

Suala lililobaki lilikuwa la barabara. Mkandarasi ameshaondoka, na gugu karoti limeota kwenye mashimo yote mawili ya moramu. Tangu kuota hadi kutoa maua linahitaji kama wiki nne tu, hivyo hatuwezi kuwasubiri wa wilayani. Kila kitongoji kimepewa kipande chake cha mtaro, na mwenyekiti ameagiza glavu kutoka Arusha. Tunaanza kung'oa Jumamosi, mvua ikiwa imelainisha udongo na maua bado hayajafunguka.